Niliuziwa miche ya KR ambayo si KR: tuzungumze alama za vinasaba kwenye kahawa

#1 MamaBuni (Mukono)

Habari za leo wadau. Uzi huu ni mrefu kidogo, nawaomba uvumilivu, na mwenye kujua zaidi yangu anisahihishe bila kuona haya.

Nalima robusta hapa Mukono, ekari mbili na nusu alizoniachia marehemu baba. Waliokuwapo miaka ya tisini wanajua ugonjwa wa mnyauko ulivyotufanya. Ulithibitishwa Uganda mwaka 1993, kule Bundibugyo na Rukungiri, na kabla hatujakaa sawa ulikuwa umeshaua karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini. Kwetu ulianzia kwenye njia ya kwenda kisimani. Mbuni mmoja uligeuka njano upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa kijani kama kawaida. Baba akachutama, akakwangua gome karibu na udongo kwa ncha ya panga, akaniita nione. Ndani mti ulikuwa na michirizi ya weusi wa kibuluu kama wino uliomwagika. Akasema, "Huu umekwisha." Tukaung'oa tukauchoma palepale. Haukusaidia kitu. Mvua zilipokuja mara ya pili tulikuwa tumeshachoma mstari mzima.

Kwa hiyo aina za KR, robusta zinazohimili mnyauko, zilipotoka NARO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wengine tulizipokea kama mtu aliyefiwa anavyopokea salamu. KR1 hadi KR7 kwanza, kisha KR8, KR9 na KR10. Zote zimechaguliwa kutoka kwenye mibuni iliyosimama wakati mingine inakufa. Nilijinyima, nikanunua miche 300 kwenye kitalu kimoja (jina silitaji, si lengo la uzi huu), nikaambiwa ni KR halisi. Nikachimba mashimo, nikaweka samadi, nikapanda migomba ya kivuli.

Mwaka wa tatu mnyauko umerudi. Zaidi ya mia imekufa. Nimekwangua gome mwenyewe na kuuona wino uleule.

Bwana shamba alipokuja aliniuliza swali moja tu: "Nnyabo, ile miche ilikuwa ya vikonyo au ya mbegu?" Sikujua. Akachimbua mmoja uliokufa akanionyesha mzizi mkuu ulioshuka wima kama msumari. Mche wa kikonyo, akasema, hauna mzizi wa namna hiyo, maana umetoka kwenye kipande cha shina na mizizi yake hutawanyika. Ule wangu ulikuwa wa mbegu. Mtu alichuma matunda kwenye mbuni wa KR, akapanda mbegu zake, akaniuzia kwa jina la mama.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza siku ya kununua. Robusta haijichavushi. Chavua yake yenyewe haiwezi kuitungisha mimba, lazima itoke kwenye mbuni mwingine wa aina tofauti. Basi kila mbegu iliyo ndani ya tunda la KR ina baba, na baba huyo anaweza kuwa mbuni wowote wa jirani, hata ule uliokuwa unangoja kufa. Mtoto anaweza kurithi ukinzani au asirithi, na kwa macho huwezi kumjua.

Swali langu kwenu: je, jani linaweza kupimwa nikaambiwa huu ni KR kweli au sivyo, kabla sijauchimbia shimo? Na hizi alama za vinasaba wanazozungumzia wataalamu zimefika wapi kwa wadudu, maana nikimaliza na mnyauko, kale kadudu keusi ka vitawi nako kananimaliza?

---

#2 Mkulima_Kagera

Pole sana dada. Sisi huku Kagera tuliupata mnyauko huohuo, tunauita mnyauko fuzari, na ulivuka kutoka kwenu. Marehemu babu yangu alibaki na migomba mitupu.

Kuhusu mzizi bwana shamba amesema kweli. Ila uwe makini, mche wa mbegu ukikatwa mzizi mkuu ukiwa kitaluni unadanganya. Nimeyaona.

---

#3 Fundi_Maabara

Mleta uzi, jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, na hilo ndilo jepesi. La pili gumu. Nitajieleza kwa urefu kwa sababu hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, na inaniuma watu wakiifanya ionekane uchawi.

Kila mbuni una vinasaba vyake, maandishi marefu ya herufi nne tu. Vikonyo vyote vya KR3, kwa mfano, vina maandishi yaleyale neno kwa neno, kwa sababu ni mti mmoja uliokatwakatwa. Mche wa mbegu hauwezi kuwa nayo yote, maana nusu ni ya baba. Basi tunachagua sehemu chache kwenye maandishi ambazo hutofautiana sana baina ya mibuni, tunazisoma kwenye mbuni mama unaojulikana, tunazisoma kwenye mche wako, tunalinganisha. Zikitofautiana, mche si KR3, hakuna mjadala. Sehemu hizo ndizo zinaitwa alama za vinasaba.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachukua jani changa la juu kabisa, la rangi ya shaba, kabla halijakomaa. Jani kuukuu la kahawa lina ukakasi mwingi, ukilisaga maji yanageuka kahawia kama chai iliyolala na vinasaba vinaharibika. Unalisaga na dawa ya kuvunja kuta za seli, unaweka unga maalumu wa kunasa huo ukakasi, unazungusha kwenye mashine hadi takataka zikae chini. Juu unabakiwa na maji meupe. Ukimimina pombe baridi, vinasaba vinajikusanya kama uzi wa buibui uliolowa. Mara ya kwanza nilipouona uzi ule nilikaa kimya dakika nzima.

Kisha unanakili ile sehemu moja unayoitaka. Mashine inapandisha joto karibu nyuzi 95 nyuzi mbili za vinasaba ziachane, inashusha, inapandisha tena hadi 72 kimeng'enya kijenge nakala. Kimeng'enya hicho asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji ya moto, ndiyo maana hakifi kwa joto. Kila mzunguko nakala zinakuwa maradufu. Ukifika mizunguko 30 una zaidi ya nakala bilioni moja kutoka kwenye moja. Unazipitisha kwenye utepe wa jeli yenye umeme, fupi zinakimbia mbele, ndefu zinabaki nyuma, na mistari inaonekana kwenye mwanga. Mama na mtoto wa kikonyo, mistari inakaa sambamba. Mtoto wa mbegu, kuna mstari wa mgeni.

Haya yote hayahitaji mbuni uzae. Mche wenye majani manne unatosha.

---

#4 Mzee_Bombo

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa makini. Mimi ni mtu mzima, naomba niulize bila kuzungukazunguka. Hayo si ndiyo mambo ya GMO? Rais mwenyewe aliukataa ule muswada. Tutauza wapi kahawa yetu Ulaya wakisikia tumeichezea vinasaba? Baba zetu walilima bila maabara.

---

#5 Fundi_Maabara

Wa alaykum salaam mzee wangu. Swali lako ni la haki, na bora umeliuliza hapa kuliko kuondoka nalo.

Muswada wa bioteknolojia ulipitishwa na Bunge mwaka 2017, Rais akaurudisha. Mwaka 2018 ukapitishwa tena kwa jina jingine, nao hakuutia saini. Huo ulihusu kuhamisha jeni kutoka kiumbe hadi kiumbe. Kwenye kahawa jambo hilo limewahi kujaribiwa. Ufaransa ilipanda kule French Guiana robusta iliyotiwa jeni ya bakteria ili ipambane na kidomozi wa majani, mdudu ambaye funza wake hutafuna ndani ya jani.

Alama za vinasaba ni kitu kingine, mzee. Hazitii chochote ndani ya mti. Ni kusoma tu. Mtafiti anachukua chavua ya mbuni mkinzani kwa brashi, anaipaka kwenye ua la mbuni wenye mazao mazuri, kama nyuki anavyofanya. Anapata watoto mia tano. Zamani alikuwa anawapanda wote, anasubiri, anawapaka ugonjwa mizizini, anahesabu waliokufa. Sasa anasoma jani la kila mmoja, anabakiza wale waliorithi kipande anachokitaka, wengine anawaacha. Mti unaobaki shambani ni mtoto wa baba na mama wa kahawa, kama ule wa babu zetu.

---

#6 Mzee_Bombo

Hapo nimekuelewa, mwanangu. Ni kama kumjua ndama wa ng'ombe wa maziwa kabla hajakua.

---

#7 Fundi_Maabara

Ndivyo hasa, mzee. Na kwa mibuni faida ni kubwa, kwa sababu unaingoja miaka mitatu ndipo uone tunda la kwanza, na aina mpya kwa njia ya zamani ilimaliza maisha ya kazi ya mtafiti mmoja na kuingia kwa wa pili.

---

#8 Kijana_wa_Elgon (Bulambuli)

Sisi huku juu tunalima arabika, aina za SL14 na SL28. Ugonjwa wa chulebuni unatuozeshea matunda yakiwa mabichi, doa jeusi linazama ndani na tunda linakauka mtini. Kenya wana aina zinazoihimili, Ruiru 11 na Batian. Hizo zilitumia alama?

---

#9 Fundi_Maabara

Ruiru 11 ilitoka mwaka 1985, kabla ya mambo haya. Ilizaliwa kwa jasho tupu la kuchavusha, kupaka ugonjwa na kuhesabu. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Kenya na wa Ufaransa walichapisha alama zilizo karibu na jeni moja ya ukinzani wa chulebuni waliyoiita Ck-1. Asili yake ni chotara wa kisiwa cha Timor, arabika iliyochanganyika yenyewe na robusta, hakuna mtu aliyewakutanisha. Kwa hiyo ukinzani huo kwa uwezekano mkubwa ni zawadi ya robusta kwa arabika.

Na kuna mzazi mwingine wa karibu yenu: Rume Sudan, arabika ya uwanda wa Boma, Sudan Kusini. Ukinzani wake wa chulebuni umetumika Kenya kwa miaka mingi. Watu wanadhani mambo haya yanatoka Ulaya, kumbe mzazi yuko ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini.

---

#10 MamaBuni

Fundi, Mungu akubariki. Lakini umekwepa wadudu. Jana nimevunja kitawi kilichokauka, majani yamening'inia rangi ya kahawia kana kwamba yamepigwa moto. Nimekigeuza chini, kuna tundu dogo kama la sindano. Nimekipasua kwa wembe: ndani kumekuwa bomba, na kale kamama keusi kamekaa na watoto weupe. Niliponunua niliambiwa "KR ni ngumu". Ngumu kwa nini?

---

#11 Fundi_Maabara

Ngumu kwa mnyauko, dada. Ndicho zilichochaguliwa nacho. Bungua wa vitawi hakuwa kwenye mtihani huo, kwa hiyo usishangae akizila. Wauzaji wakisema "KR ni ngumu" wakanyamaza, wanamdhulumu mkulima.

Huyo bungua ni mgeni, kwao ni Asia. Naye pia aliripotiwa kwanza Bundibugyo, mwaka 1993, mwaka uleule wa mnyauko. Na ajabu yake ni kwamba hali kitawi. Jike anatoboa, anaingia na mbegu za kuvu alizobeba mwilini, anazipanda kwenye kuta za bomba, na watoto wanakula hiyo kuvu. Ni mkulima kama wewe. Sasa fikiria kazi ya mtafiti: atafute mbuni wenye mti mgumu asioweza kutoboa? Wenye harufu isiyomvutia? Au ambao kuvu yake haioti ndani? Kila moja ni tabia ya jeni nyingi, kila jeni inachangia kidogo. Hapo alama moja haitoshi.

Na ruhuka, yule anayetoboa tunda kwenye kitovu chake, mama wa milimita moja na nusu. Watu huuliza mbona kafeini haimuui, ilhali huwadhuru wadudu wengine. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba tumboni mwake kuna bakteria wanaovunja kafeini. Wakipewa dawa ya kuua bakteria hao, kafeini inapita tumboni bila kuvunjwa na uzazi wao unaporomoka. Kwa hiyo hata mbuni wenye kafeini nyingi haujamshinda huyo.

---

#12 Mkulima_Kagera

Kwa hiyo hakuna zao hata moja ambalo alama imesaidia kwa mdudu? Maana hapa tunaongea magonjwa tu.

---

#13 Mwanafunzi_Makerere

Naomba niingie hapo. Yapo, ila mengi ni ya beri za nchi za baridi, na nadhani tuna la kujifunza kwao.

Kuna beri nyeusi za Uskoti zinazotengenezewa juisi. Adui yao ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaingia kwenye chipukizi, linavimba kama kichwa cha kabichi na halitoi ua tena. Na unaleta kirusi kinachofanya kichaka kiwe tasa. Ukinzani ulipatikana kwa jamaa yake, ile beri ya kijani yenye miiba, kwenye jeni iitwayo Ce. Tatizo likawa kupima: lazima upande watoto kwenye shamba lililojaa utitiri na ungoje miaka. Mwaka 2009 watafiti wa Uskoti wakatoa alama iliyo karibu na Ce. Tangu hapo mche unapimwa ukiwa kwenye kopo.

Na tomato! Kwa sayansi ya mimea nyanya ni beri kamili, kuliko hata stroberi. Jeni ya Mi ilitolewa kwenye nyanya pori ya Amerika ya Kusini, inazuia minyoo ya mizizi inayoleta vinundu, na ikaonekana inazuia pia vidukari wa aina moja na nzi weupe. Alama zake zinatumika kwenye kampuni za mbegu kila siku. Ila udongo ukipita nyuzi 28 hivi inalegea. Kwa wanaolima nyanya kwenye joto la Kasese, hilo ni la kujua kabla ya kulipia mbegu ghali.

Brazili nao wana kidomozi wa majani ya kahawa. Ukinzani waliutoa kwa kahawa pori ya Msumbiji na jirani zake, Coffea racemosa, wakaupandisha kwenye arabika hadi wakapata aina ya Siriema. Kwa hiyo kwenye kahawa pia mdudu anaweza kuzuiwa kwa kuzaa, mradi mzazi mkinzani apatikane.

---

#14 Kijana_wa_Elgon

Na ikishapatikana ni ya milele?

---

#15 Mwanafunzi_Makerere

Hapana. Rasiberi za Uingereza zilikuwa na jeni A1 dhidi ya vidukari, vidukari wakaishinda. Wakahamia A10, nayo ikashindwa. Na kwenye kahawa, Honduras walipanda sana aina ya Lempira kwa sababu ilihimili kutu ya majani, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba kutu imeshaivunja. Shamba kubwa lenye jeni moja ni kama nyumba zote za mtaa kutumia kufuli la aina moja.

Ndiyo maana alama zina kazi nyingine ninayoiona kubwa zaidi: kukusanya jeni mbili au tatu ndani ya mti mmoja. Kwa kupaka ugonjwa huwezi kujua kama mti una ukinzani mmoja au mitatu, kwa sababu miti yote inaonekana mizima. Kwa kusoma jani unajua.

---

#16 Mzee_Bombo

Hiyo alama ndiyo jeni yenyewe, au? Kijana amesema "iliyo karibu".

---

#17 Fundi_Maabara

Mzee unasikiliza kuliko vijana wengi darasani. Si jeni yenyewe, mara nyingi ni jirani yake. Ni kama kuelekezwa kwa fundi cherehani usiyemjua: "anakaa mlango wa pili kutoka kwenye nyumba yenye paa jekundu." Paa halishoni nguo, lakini ukiliona unajua umefika. Sasa fundi akihama na paa likabaki, utapotea. Kwenye uzazi, vipande vya vinasaba hubadilishana nafasi, na jirani anaweza kutengana na jeni. Ndiyo maana tunapenda alama mbili, moja kila upande wa jeni. Na alama iliyothibitishwa kwa familia moja ya kahawa lazima ithibitishwe upya kwa familia nyingine kabla ya kuitegemea. Aina zetu za asili, Nganda ile inayotambaa na Erecta iliyosimama, si sawa na robusta za Afrika Magharibi. Kazi ya kule haiji hapa ikiwa imekamilika. Maandishi yote ya vinasaba vya robusta yalichapishwa mwaka 2014 na yamesaidia sana, lakini mibuni ya Uganda inasomwa na kujaribiwa Uganda, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza na mashambani kwetu.

---

#18 MamaBuni

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mama akisikiliza.

Nawaambia ninachokiona mimi. Siku ya mbuni usioliwa na bungua itafika, na nawaombea watafiti maisha marefu. Lakini ile kazi nyepesi, ya kusoma jani la mche na kusema "huu ni KR, huu si KR", iko tayari leo. Kuikosa hiyo ndiko kulikonipotezea miaka mitatu. Kitalu kinachouza kwa jina la KR kingepaswa kupimwa bustani mama yake, yaani mibuni inayokatwa vikonyo, mbuni kwa mbuni, mara moja tu, na matokeo yabandikwe getini. Si kila mche wa kila mkulima, hilo ni gharama. Bustani mama tu. Mama akiwa halali, vikonyo vyake vyote ni halali. Ukinzani bora duniani ukipitia kwa muuzaji wa mbegu za kuokota, haufiki kwangu.

---

#19 Mkulima_Kagera

Naunga mkono asilimia mia. Na ukipanda upya usipande KR moja tu, umesema mwenyewe haijichavushi. Changanya mistari, walau aina nne au tano, la sivyo utapata maua bila matunda.

---

#20 Fundi_Maabara

Sahihi. Na kwa bungua, wakati tunasubiri: kata kitawi chini ya tundu, usikiache chini, choma siku hiyohiyo. Punguza vichipukizi kivuli kisiwe kizito. Parachichi lililo ndani ya shamba nalo likague, anaishi humo pia. Ruhuka naye, chuma matunda yote hata yaliyokauka na yaliyoanguka, maana huko ndiko anakongoja msimu.

Dada, nitafute kwa ujumbe wa ndani. Chukua majani machanga ya mibuni yako iliyopona, uyakaushe kwenye mchele mkavu ndani ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Andika namba ya mti kwa penseli.

---

#21 MamaBuni

Nimerudi kutoka shambani sasa hivi. Iliyopona ni 187. Nimeifunga vitambaa vyekundu yote, nimeandika namba kwa rangi kwenye mawe. Mmoja, namba 64, uko katikati ya mitano iliyokufa, una majani mpaka chini na vitawi vyake havina tundu hata kimoja. Nimekata jani lake la kwanza.

---

#22 Fundi_Maabara

Huo wa 64 lete majani mawili. Na usimruhusu mtu yeyote aukate.